Kulivuka Korongo la Grand Canyon kwa Siku Moja: Mwongozo kwa Mtu wa Kisiwani

Mlima una huruma moja: ukichoka unageuza, na kurudi ni kuteremka. Korongo halina huruma hiyo. Unaanza kwa kushuka, alfajiri, miguu bado mipya, kijibaridi kinakupepea, unajiona simba. Ukifika chini kabisa jua limekusimamia utosini, na hapo ndipo kupanda kunapoanza. Kila hatua uliyoshuka kwa raha umeikopa, na mdai anakuja saa ya joto kali.

Nimeandika haya kwa sababu kila nikieleza barazani habari za Grand Canyon jawabu huwa lile lile: "Joto? Joto si letu hilo? Tumezaliwa nalo!" Na mimi nilikwenda na kiburi hicho. Mara ya kwanza nililipa kwa kutapika chini ya miti, nikalala hapo mpaka magharibi, watoto wa miaka kumi wakinipita. Mara ya pili nilivuka salama. Mwongozo huu ni tofauti ya safari hizo mbili. Viza siigusi, maana masharti yake hubadilika. Hilo waulize wenyewe ubalozini.

Unachokiendea

Korongo liko Arizona, Marekani, na aliyelichimba ni Mto Colorado. Ukifuata mto, urefu wake ni kilomita 446. Kina chake ni kama kilomita moja na nusu na zaidi. Upana mahali pengine hufika kilomita 29. Limekuwa hifadhi ya taifa tangu 1919. Wageni wengi husimama ukingoni, wakapiga picha, wakanunua kofia, wakaondoka. Wewe unataka kushuka ukingo wa kaskazini, uvuke mto, upande ukingo wa kusini, yote kabla ya kulala. Ndege akiruka moja kwa moja ataona kiasi cha kilomita 16 tu. Gari lazima lizunguke, kama kilomita 340. Kwa miguu ni kiasi cha 38.

Njia ya kushukia inaitwa North Kaibab. Inaanzia mita 2,512 juu ya usawa wa bahari na kufika mtoni, kwenye kiasi cha mita 750, baada ya kilomita 23. Ya kupandia ni Bright Angel, kilomita 15 na ushei, inayokutoa mita 2,091. Sasa pima kwa kipimo cha nyumbani. Pahala pa juu kabisa Unguja nzima ni Masingini, kama mita 120. Kushuka kule ni Masingini kumi na nne na nusu zilizopandanishwa, na kupanda ni kumi na moja, bila ya tambarare ya kupumulia katikati.

Askari wa hifadhi wana neno lao na sitalibatilisha: hawamshauri mtu kushuka mpaka mtoni na kurudi juu kwa siku moja, hasa kuanzia Mei hadi Septemba. Kila mwaka huokolewa watu zaidi ya 250 mle ndani, na wengi wao si wazee wala wagonjwa. Ni watu wenye nguvu waliopiga hesabu vibaya. Kama hujawahi kutembea saa nane mfululizo, mwaka huu fanya mazoezi tu.

Na kabla hujalipa tiketi, tazama tovuti ya hifadhi ujue njia ipi iko wazi. Julai 2025 moto ulioanzishwa na radi uliunguza ukingo wa kaskazini, ikateketea hoteli kongwe ya Grand Canyon Lodge, na North Kaibab ikafungwa. Hata bila ya moto, kaskazini huwa na msimu wake, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba, kisha theluji hufunga barabara. Ukikuta kumefungwa, lipo duara la kusini peke yake: unashuka South Kaibab, kilomita 11 mpaka chini, unapanda Bright Angel. Jumla ni kama kilomita 27. Lakini jua kwamba South Kaibab haina maji wala kivuli cha maana, kwa hiyo ni njia ya kushukia, kamwe si ya kupandia.

Mwezi? Mwisho wa Septemba mpaka wiki ya kwanza ya Oktoba. Nusu ya pili ya Mei pia inafaa, ila joto linakuwa linapanda. Juni, Julai na Agosti achana nazo: chini kule joto hupita 38 kivulini kama jambo la kawaida, na kuanzia Julai huja mvua za radi zinazoleta mafuriko ya ghafla kwenye vijito.

Joto lao si joto letu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mtu wa pwani anapoangukia.

Joto la kaskazi hapa kwetu, Januari na Februari, ni la majimaji. Unatoka Darajani na mfuko wa samaki, ukifika Mkunazini shati limeshaganda mgongoni. Jasho halikauki kwa sababu hewa yenyewe imejaa unyevu, basi linadondoka, unaliona, na ukiliona unakumbuka kunywa. Joto la kwetu linapiga hodi.

La Arizona halipigi hodi. Hewa ni kavu kiasi kwamba jasho hukauka papo linapotoka. Ngozi inabaki kavu, unasema, "Mbona sitoki jasho?" Unatoka, tena sana. Utalijua ukivua kofia ukaona imechora ramani ya chumvi nyeupe. Mwili umepoteza maji na chumvi saa nzima nawe unajihisi mzima, na ukianza kujihisi mgonjwa umeshachelewa.

Uzuri wake ni kwamba ukavu huo huo ndio dawa. Nguo ikiloa maji pale, inakupoza kuliko feni. Jambo lililoniokoa safari ya pili lilikuwa kipande cha kanga kuukuu ya mama, nilichokichovya kila penye maji nikakitupia kichwani na shingoni. Wenzangu wa Kimarekani walikuwa na vitambaa vya kununua vya kazi hiyo. Siku ya pili mmoja akaniuliza kanga inapatikana wapi.

Mazoezi, hapa hapa Unguja

Ukilenga Oktoba, anza Juni. Masika imeshapita, kipupwe kimeingia, alfajiri inatembeleka. Una miezi minne.

Mwezi wa kwanza usihangaike peke yako. Vikundi vya mazoezi vimejaa kila mtaa. Ndio wale wanaopita alfajiri wakiimba na kupiga makofi, na kila tarehe 1 Januari hukusanyika kwa siku ya mazoezi ya viungo. Jiunge nao, siku nne kwa wiki. Lengo la mwezi huu ni kuuzoesha mwili kuamka na kutembea saa nzima bila ya kulalamika.

Mwezi wa pili ni wa ngazi, na ngazi ndio moyo wa kazi yote. Kisiwa hakina mlima lakini kina maghorofa. Tafuta jengo lenye ngazi ndefu, Michenzani au penginepo, uombe ruhusa, utoe salamu kwa wenyewe, upande na kushuka na begi mgongoni. Anza na kilo tatu, fika saba. Ghorofa moja ni kama mita tatu, kwa hiyo kupanda kwa siku ile ni kama ghorofa 445. Huzifanyi siku moja. Mimi nilikuwa nafanya 60 kwa kikao, mara tatu kwa wiki, na mwisho nikafika 150.

Watu hudhani wanafanya mazoezi ya kupanda, na kushuka ni kupumzika. Kwa korongo ni kinyume. Unaposhuka, msuli wa paja unafanya kazi ya breki: unavutwa huku unakaza. Breki za aina hiyo ndizo zinazouumiza msuli, na maumivu hayaji siku ile, huja kesho na keshokutwa. Ukizishuka mita 1,750 kwa miguu isiyozoea, utafika mtoni magoti yanacheza kama mtu wa homa, na kupanda hujakuanza. Habari njema ni kwamba msuli ukishaonja maumivu hayo mara moja mbili hujifunza, safari inayofuata huuma kidogo. Basi shuka ngazi polepole, hatua kwa hatua, bila ya kujitupa.

Mchanga nao usiudharau. Nenda Paje maji yakiwa yamekupwa, siku za bamvua pwani inapokuwa pana, utembee mpaka Jambiani na kurudi, kwenye mchanga mlaini wa juu na si ule mgumu wa chini. Kifundo cha mguu kitapata nguvu ambayo lami haitoi.

Mwezi wa tatu, matembezi marefu. Mara moja kwa wiki, kila wiki unaongeza kidogo. La mwisho liwe Mjini mpaka Chwaka, kilomita 30 na ushei: swali Alfajiri, toka, pita Dunga, tembea kando ya barabara ukizitazama gari, maana madereva wetu tunawajua. Beba mzigo wako wote kama wa siku ile, kula chakula kile kile, vaa viatu vile vile. Ukifika Chwaka panda daladala urudi. Watu watakuuliza gari limeharibika wapi, zoea.

Mwezi wa nne unahitaji kuvuka bahari. Panda boti mpaka Dar es Salaam, kisha basi mpaka Lushoto, kwenye milima ya Usambara. Nje kidogo ya mji, pale Irente, unasimama juu ya jabali na kuiona Mazinde chini kiasi cha mita 1,000. Chukua mwenyeji anayeijua njia, mshuke asubuhi mpaka tambarare, mpumzike, mpande tena mchana. Sijaona pahala karibu na nyumbani panapofanana na korongo kuliko hapo: unashuka kwanza, chini ni joto, na kitanda chako kiko juu. Kama hukuweza siku hiyo, hutaweza kule. Nasema hivi kwa mapenzi.

Wiki mbili za mwisho punguza. Tembea kidogo, lala sana. Msuli hujengeka ukiwa umelala.

Viatu, nguo na mkoba

Viatu viwe raba za kutembelea njia za mawe, zenye soli ya kung'ata, na viwe vikubwa kwa nusu saizi. Ukishuka kilomita 23, kidole gumba kinagonga mbele kila hatua. Mimi nilipoteza kucha mbili kwa kuvaa viatu "vilivyonikaa vizuri". Kata kucha siku mbili kabla. Soksi za sufu nyembamba au za nyuzi za plastiki, si pamba, na jozi ya akiba. Paka mafuta ya mgando baina ya vidole na kwenye mapaja yanaposuguana. Ukihisi joto la sehemu moja mguuni, simama hapo hapo ubandike plasta. Lengelenge hutanguliwa na joto, na joto hilo ndilo wakati wako.

Nguo: kina mama wetu wametangulia. Nguo pana, nyepesi, ya rangi nyeupe au ya mchanga, mikono mirefu, kitambaa shingoni. Wanaovaa kaptura na fulana kifua wazi huiva kama pweza. Kofia pana. Sweta nyepesi pia, kwani ukingo wa kaskazini Oktoba alfajiri baridi yake inakaribia kuganda, na sisi kipupwe cha nyuzi 22 tunajifunika mablanketi.

Fimbo mbili za kutembelea si za wazee. Zinayapunguzia magoti mzigo mkubwa. Tochi ya kichwa yenye betri mpya na betri za akiba, si tochi ya simu. Simu yenyewe mle ndani takriban haina mtandao, izime uihifadhi kwa picha.

Maji na chumvi

Beba chombo cha lita tatu. Kwenye njia kuna mabomba ya maji safi, lakini bomba kuu linalovuka korongo ni la miaka ya 1960, hupasuka kila mara, na yale ya kaskazini hufungwa baridi inapokaribia. Siku moja kabla waulize askari yapi yanatoa, na hata wakikuambia yote, beba kichujio au vidonge vya kusafishia maji ya kijito.

Kunywa nusu lita mpaka lita moja kwa saa, kwa mafunda madogo. Usizidishe. Hapa ndipo nilipoharibikiwa mara ya kwanza: niliogopa kiu, nikanywa maji matupu kama ngamia, bila ya kula. Chumvi kwenye damu ikapungua. Dalili zake zinafanana na za kukaukiwa maji, yaani kichefuchefu, kichwa kuuma, kulewa lewa, na mtu akikuona hivyo hukuongezea maji, akakuzidishia ugonjwa. Tofauti utaiona chooni. Aliyekaukiwa mkojo wake ni mchache, wa rangi ya chai. Aliyezidisha maji anakojoa sana, mkojo mweupe pe. Huyu wa pili mpe kitu cha chumvi, umzuie maji, na akichanganyikiwa tafuta msaada haraka.

Kwa hiyo kila ukinywa, tafuna. Pakiti za unga wa chumvichumvi wanazouza maduka ya dawa kwa kuharisha ndizo hizo hizo, chukua sita. Ukizikosa, lita moja ya maji, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chakula kiwe cha aina mbili, tamu na chumvi, kwa sababu baada ya saa sita mdomo huchoka na utamu. Tende hazina mpinzani. Ubuyu wa kwetu wa sukari unakaa vizuri mfukoni na uchachu wake unaamsha mate. Njugu za kukaanga zenye chumvi. Achari kavu ya embe, chumvi na pilipili, hiyo kwangu ndiyo iliyonipandisha kilomita tano za mwisho. Kashata usibebe, joto linaziyeyusha zikawa gundi. Na chakula chochote unachotoka nacho nyumbani, kitangaze forodhani kwao. Tende na njugu zipo madukani kule pia.

Siku za kabla

Arizona iko nyuma yetu kwa saa kumi. Fika siku nne au tano kabla, vinginevyo utaanza kupanda wakati mwili unadhani ni saa ya kulala. Urefu wa mita 2,500 nao utakukata pumzi kidogo, sisi tuliolala usawa wa bahari maisha yote. Lala juu pale usiku mmoja au miwili.

Acha gari kusini upande basi la kukupeleka kaskazini, linachukua kama saa nne na nusu. Weka nafasi mapema. Na uangalie saa: wao wakiandika 7 ni saa moja yetu. Mwenzangu mmoja, mtu mzima na mvi zake, alisoma tiketi kwa Kiswahili, akaja na mkoba wake saa saba ya mchana.

Mwambie mtu aliye nje unaanza wapi, unatokea wapi, na saa ngapi aanze kuwa na wasiwasi.

Siku yenyewe

Saa kumi alfajiri uwe mlangoni pa njia. Giza, baridi, harufu ya misonobari. Teremka taratibu hata kama miguu inataka kukimbia. Chini ya kilomita tatu utapita Supai Tunnel, kitundu kilichotobolewa jabalini. Hapo pumua, vua sweta. Alfajiri ikiingia, kibla kutoka Arizona kiko kaskazini-mashariki, jambo ambalo litakushangaza kama mimi. Habari za kupunguza na kukusanya sala muulize sheikh wako kabla hujasafiri.

Jua litakukuta kwenye kuta nyekundu, njia imechongwa ubavuni, upande mmoja ukuta na wa pili hewa. Ukisikia kengele au kwato ni nyumbu wa mizigo. Simama upande atakaokuambia msimamizi wao, nyamaza, usitikisike mpaka wa mwisho awe ameshakwenda mbali. Manzanita, kilomita ya tisa hivi, ongeza maji. Cottonwood, ya kumi na moja, vua viatu, upepee miguu, ule hata kama huna njaa. Kama kufika hapa magoti yanatetemeka, geuza. Hapa ndipo pahala pa mwisho pa kugeuza kwa akili. Mbele yake, kugeuza na kuendelea ni shida moja.

Baada yake njia inalainika, ikifuata kijito, kisha inaingia kwenye mfereji mwembamba wanaouita The Box. Kuta zake ni miamba myeusi yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 1.7, kuukuu kuliko chochote ulichowahi kukishika. Ni pazuri ajabu na ni pabaya. Jiwe jeusi hunywa jua kutwa kisha likalitema, na hewa haina pa kutokea. Ni kama kukaa ndani ya tanuri la mkate. Ukianza saa kumi na kwenda kwa kadiri, utapita hapa kabla ya saa nne asubuhi, ukuta mmoja bado una kivuli. Hiyo ndiyo sababu ya kuamka usiku, si kuwahi kufika juu.

Saa nne hivi uko Phantom Ranch, vijumba vya mawe na mbao tangu 1922, vilivyochorwa na msanifu majengo Mary Colter. Wanauza maji ya limau ya baridi. Kunywa moja, usinywe tatu. Weka mkoba mbali na kindi: wana sura ya kuhurumiwa na meno ya kutoboa begi, na hung'ata watu kuliko nyoka wa pale.

Sasa uamuzi mkubwa wa siku. Siku ya baridi, mawingu, joto halijafika 30? Endelea. Jua limewaka? Kaa. Askari wa hifadhi wanasema usitembee baina ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na hili mtu wa kwetu halihitaji kufundishwa: adhuhuri ni ya kivuli. Lala kando ya kijito, miguu majini, kanga usoni. Wazungu watakupita wanakimbilia juani. Waache. Utawakuta wengine njiani, wamekaa, hawasemi.

Saa kumi jioni lowesha shati lote, kofia, kanga, jaza maji, vuka daraja. Kwanza mchanga kando ya mto, kisha kona za Devil's Corkscrew zinazojizungusha kama kamba ya jahazi. Hatua fupi. Kipimo ni mdomo: kama huwezi kuzungumza sentensi nzima, unakwenda mbio. Kila nusu saa, pumzika dakika tano na miguu iko juu ya jiwe. Havasupai Gardens, kwenye miti na maji, kula chakula kamili. Umebakiwa na kilomita saba na kidogo, lakini zaidi ya mita 900 za kupanda, na giza linaingia. Washa tochi. Vipo vibanda viwili vya kupumzikia njiani. Usihesabu kona, hesabu vibanda. Ukiona taa za ukingo juu, usifurahi. Ziko mbali kuliko zinavyoonekana, kama taa za Mji unapozitazama uko botini na maji yamekuwa mabaya.

Wakati wote mtazame mwenzako. Akiacha kuzungumza, akijikwaa, akijibu mambo yasiyoulizwa, hana uchovu huyo, joto limemwingia kichwani. Kivulini mara moja, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na mmoja aende kwenye simu ya dharura au kwa askari. Msimwache peke yake, na msimshurutishe kutembea.

Mtu wa kawaida huchukua saa 12 mpaka 14 za kutembea, ukiongeza mapumziko ya mchana unatoka saa nne au tano usiku. Si aibu. Mimi nilitoka saa tano na robo.

Ukishafika juu

Utakuwa umeloa jasho na juu ni baridi. Badilisha nguo zote hapo hapo kabla ya picha. Kunywa kitu cha moto chenye sukari, kula chakula cha chumvi, na usiendeshe gari usiku ule hata hoteli ikiwa karibu. Usingizi utakuchukua kwenye kona ya kwanza. Chukua chumba chini, si ghorofani. Asubuhi, na hasa siku ya pili yake, mapaja yatakataa kukunjika. Ukikutana na ngazi, shika ukuta, uziteremke kinyumenyume.